Kicheko Kando ya Bani

Katika miaka ya utoto wangu Namtumbo, ilhali mji huo ungali sehemu ya wilaya ya Songea na haujapata wilaya yake, usiku wa kukausha tumbaku ya moshi haukuwa na usingizi, kwa kuwa moto wa bani, yaani banda la kukaushia, ukizidi huliunguza jani na ukipungua huliozesha. Na marehemu baba yangu, mtu wa maneno machache, aliuchunga hadi alfajiri, redio yake ya betri ikiwa juu ya kigogo, nasi watoto tumemzunguka tukingoja Radio Tanzania ituletee Pwagu na Pwaguzi. Tulicheka hata moshi ukatupalia. Yeye hakutabasamu. Alituambia kwamba mchekeshaji ni mtu aliyeuza haya yake, na kwamba nyumba yenye staha husikiliza taarifa ya habari kisha hufunga redio. Lakini sikumbuki hata usiku mmoja ambao aliifunga kabla mchezo haujaisha.

Miaka ikapita, sauti zikapata nyuso. Televisheni, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 1994, ilikawia kutufikia, basi tulianzia kwenye kibanda cha video, jenereta ikinguruma nyuma yake na mabenchi yamejaa watu hadi mlangoni. Na humo ndimo nilimomwona kwa mara ya kwanza Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, aliyekuwa akipanda jukwaani tangu mwaka 1958, angali mtoto, na ambaye nchi nzima ilikuja kumjua kwa jina la King Majuto. Aghalabu alikuwa mzee: mzee bahili, mzee mkware, baba mkali asiyetiiwa na aila yake, na kila mmoja alimpa mwendo wake na mkunjo wake wa uso. Siri yake, kwa nilivyomtazama, ilikuwa katika kunyamaza. Mwenzake alipotamka neno la kipuuzi, yeye hakujibu upesi. Alimkodolea macho, akameza mate, na kibanda kizima kikaangua kicheko kabla hajafungua kinywa.

Nilipopata kipato changu nilimpelekea baba deki na televisheni ndogo, na siku moja nikamwekea mchezo ambamo King Majuto alikuwa pamoja na Sharo Milionea, yule kijana wa mbwembwe, Hussein Mkiety, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Muheza mnamo Novemba 2012. Baba alimtazama yule mzee akibishana na ujana usiomsikia, akipandisha sauti, akishindwa, akijifanya ameshinda. Mabega ya baba yakaanza kutikisika. Alicheka hata akafuta machozi kwa upindo wa shuka, kisha akasema kwa utaratibu, “Mwanangu, huyu hawadhihaki wazee. Huyu anatujua.”

Kwa neno lile nilifahamu kilichobadilika katika miaka ile yote. Vyombo vilibadilika, toka redio hadi kanda, na toka kanda hadi CD, lakini badiliko kubwa zaidi lilikuwa la hadhi: mtu tuliyedhani ameuza haya yake ndiye aliyekuwa ametuhifadhia taswira yetu, pamoja na ukaidi wetu na hofu yetu ya kuzeeka, akatuonyesha kwa huruma kiasi kwamba tuliweza kuikubali.

Tarehe 8 Agosti 2018 ilikuwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima, nami nilikuwa nyumbani kwa baba. Usiku ule redio ikatangaza kwamba King Majuto amefariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Mchekeshaji alikuwa ameingia katika taarifa ya habari. Baba aliisikiliza yote, akamwombea marehemu rehema za Mola, kisha akanyoosha mkono wake uliokuwa ukitetemeka kwa uzee, akafunga redio.