Presha ya kupanda na presha ya kushuka

Mimi ni mzima, shifti tu ndizo zinabana. Leo sileti habari za baridi. Nataka tuongee habari ya presha, maana siku hizi ndiyo salamu yetu. "Mama leo ana 170." "Shangazi jana 150, leo 130, kwa hiyo amepona na dawa ameacha." Halafu kuna ule msemo wetu: fulani ana presha ya kupanda, fulani ana ya kushuka, kama vile ni magonjwa mawili tofauti.

Jamani, presha ya kila mtu inapanda na kushuka. Ukilala inashuka, alfajiri inaanza kupanda, ukigombana na kondakta inapanda zaidi. La muhimu ni inakwendaje mchana na usiku, na ni presha ya nani.

Hapa Uingereza, kwenye kliniki ninayofanyia uuguzi, moja ya kazi zangu ni kumfunga mgonjwa mkanda mkononi na kamashine kadogo kiunoni. Anakwenda nako nyumbani, kazini, kitandani. Kanampima kenyewe saa 24, mchana angalau mara mbili kila saa. Kesho yake anakirudisha, tunaona mchoro mzima. Tangu 2011 mwongozo wa taasisi ya NICE unasema mtu akikutwa na 140/90 au zaidi kliniki, asiambiwe moja kwa moja kuwa ana ugonjwa wa presha. Apimwe kwanza kwa njia hii, au ajipime nyumbani. Wastani wa mchana ukifika 135/85, hapo ndipo tunazungumza mengine.

Ukiangalia michoro hiyo unaona watu hawafanani. Wapo ambao wakimwona tu muuguzi wanaruka hadi 160, kumbe nyumbani ni 125. Wapo wa kinyume chake, kliniki safi kabisa, kazini na nyumbani iko juu. Hawa wa pili ndio wananitia wasiwasi, kwa sababu hakuna anayewatibu.

Kuna kundi la usiku. Kwa kawaida presha ya mtu aliyelala inashuka kwa asilimia 10 hadi 20. Lakini kwa wengi wenye kisukari, wenye figo mbovu, na wale wanaokoroma hadi pumzi zinakatika, mstari haushuki. Wengine unapanda. Tafiti za Marekani zimeona hali hiyo mara nyingi zaidi kwa watu weusi. Na presha ya usiku inatabiri kiharusi na ugonjwa wa moyo vizuri kuliko ile ya kliniki.

Hapo namkumbuka baba mdogo. Alikuwa na kisukari, kliniki alikuwa haachi, na kila mara aliambiwa presha nzuri. Akaanguka alfajiri, na msibani wengine wakasema amerogwa, mbona jioni alikula na kucheka. Usiku wake hakuna aliyewahi kuupima, kwa hiyo sitasema ndiyo ilikuwa sababu. Ila najua kipimo cha saa nne asubuhi hakiwezi kukuambia cha saa tisa usiku.

Wazee nao wana lao. Mzee amekaa ana 160, akisimama inaporomoka kwa 20 au zaidi, kizunguzungu, anaanguka na kuvunjika nyonga. Huyo huyo mmoja ana ya kupanda na ya kushuka! Mzee akilalamika kizunguzungu, apimwe akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, na daktari aangalie dawa zake.

Mjamzito ni tofauti kabisa. Katikati ya mimba presha huwa inashuka kidogo. Kwa hiyo ikifika 140/90 baada ya wiki 20, apimwe mkojo haraka, inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Ikifika 160/110, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Asiambiwe ni uchovu.

Hata dawa hazifanani. Mwongozo wa NICE wa 2019 unasema mtu mwenye asili ya Afrika asiye na kisukari aanzie kundi la amlodipini. Mwaka huo huo ulitoka utafiti wa CREOLE, uliofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, wagonjwa 728, wakapimwa kwa mashine ya saa 24. Dawa mbili kwa pamoja zenye amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Kwa hiyo habari ya kuazimana vidonge na jirani tuiache.

Sasa mtafanyaje bila mashine ya saa 24? Mashine ya kawaida ya mkono wa juu na daftari vinatosha. Kaa dakika tano umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili, ukiachia dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, uandike zote. Siku ya kwanza uitupe, zilizobaki utafute wastani. Daftari hilo ndilo umpelekee daktari.

Na shangazi, nisikilize mwanao. Hiyo 130 ni kazi ya dawa. Ukiiacha itarudi kule kule, na huenda usisikie chochote, maana presha haina kelele. Kama shida ni saa ya kumeza, meza saa ambayo hutasahau. Utafiti wa TIME wa hapa Uingereza, uliotolewa 2022 kwa watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya asubuhi na jioni.

Kuna ndugu anakuja huko mwezi ujao. Nimeweka mashine mbili kwenye begi lake, moja ya mama, moja ya shangazi. Madaftari mtanunua wenyewe. Wenye maswali niandikieni.