Git Kutoka Chanzoni, na Lugha Isiyokuwamo

Rasimu za tungo zangu huzihifadhi kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza matoleo ya msimbo wa Linux. Kila niuandikishapo mshororo uliobadilika, toleo jipya huwekwa bila la zamani kufutwa. Mpima vina na mizani anaijua faida yake: neno lililokataliwa leo huenda kesho likawa ndilo kina kilichokosekana.

Safari hii sikutaka programu iliyokwisha kuandaliwa. Niliuchukua msimbo chanzo wenyewe, ulioandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C, nikaufungua, nikahakikisha kwamba maktaba unazozitegemea, kama zlib, zimo katika kompyuta. Kisha nikatoa amri mbili: make, iugeuzayo msimbo kuwa programu, na make install, iiwekayo programu mahali pake.

Faida ya kwenda chanzoni ni kuona kilichomo. Humo nilikuta saraka iitwayo po, yenye tafsiri za maneno ambayo Git humwambia mtumiaji: Kifaransa, Kijerumani, Kivietinamu, Kibulgaria, hata Kikatalani, ambacho wasemaji wake ni wachache kuliko wetu. Nilitafuta faili ya Kiswahili, sikuiona.

Hakuna aliyetufungia mlango. Faili hizo ni maandishi ya kawaida: mstari wa msgid hubeba Kiingereza, na mstari wa msgstr hungoja tafsiri. Kinachotakiwa ni maneno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Mengine ni mepesi. “Branch” ni tawi. “Merge” ni kuunganisha. Mzozo umo katika “commit.” Kuhifadhi ni pana mno, kwani hata faili ya kawaida huhifadhiwa. Kuthibitisha kwanukia mahakama. Mimi naelekea kuandikisha, kwa kuwa toleo huwekwa pamoja na jina la mwandishi, tarehe na maelezo, kama kizazi kiandikishwavyo daftarini.

Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Kijana wa Tanga au Lamu ajifunzaye kutunza kazi yake kwa kompyuta asilazimike kuiacha lugha yake mlangoni. Nimeanza na ujumbe mfupi mfupi. Mwenye neno bora kuliko kuandikisha na alilete, tulipime.