Jina Limebaki Barabarani

Miaka michache iliyopita nilikaa wiki mbili katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Kazi iliyonipeleka ilikuwa nyingine kabisa, lakini siku moja ya mvua niliingia Maktaba ya Bancroft nikaomba kuonyeshwa ramani za kale za mashamba. Nililetewa mchoro wa mkono, ambao enzi hizo waliuita diseño: vilima, kijito, njia ya kwenda misheni, na miti ya mialoni ikisimama mahali pa mawe ya mpaka. Sikuucheka. Nimekulia Kilimanjaro, ambako mpaka ni masale yaliyopandwa na babu, na hakuna mzee aliyehitaji karatasi kujua kihamba chake kinaishia wapi.

Mwombaji alipeleka mchoro kama huo kwa gavana, na wapanda farasi wakaipima ardhi kwa kamba. Uhispania iligawa maeneo machache; Mexico, baada ya kuziondolea misheni ardhi kwa sheria ya mwaka 1833, ikagawa mamia. Nani aliulizwa? Si Waohlone, si Watongva, si Wachumash, waliokuwapo kabla ya mchoro wa kwanza.

Kisha ikaja vita, na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848. Marekani iliahidi kuheshimu mali za waliokuwa raia wa Mexico, ingawa Seneti yake ilikuwa imekwisha kuifuta Ibara ya 10, ile iliyozitaja hati za ardhi waziwazi. Mwaka 1851 sheria ikatungwa: kila mwenye shamba aende mbele ya tume athibitishe kuwa ni lake. Alipewa miaka miwili. Akikosa, ardhi inakuwa ya serikali.

Madai 813 yalifikishwa, na 604 yakathibitishwa. Msomaji wa haraka atasema haki ilitendeka. Watumishi wa umma mnaonisoma, ninyi mnajua jedwali linavyoweza kuficha jambo. Kwa wastani ilichukua miaka 17 mtu kuishika hati yake mkononi. Miaka yote hiyo wakili alidai ujira, riba ilipanda, wavamizi walijenga na kulima. Wapo walioshinda kesi wakiwa wamekwisha kuuza shamba ili kuigharimia kesi yenyewe. Mzigo wa ushahidi alitwishwa aliyekutwa, si aliyefika. Na hilo, kwa maoni yangu, lilitosha kuamua mambo kabla hakimu hajafungua faili.

Wakupeño wa kusini mwa California hawakupeleka dai lolote mbele ya tume. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kwa kutokudai walikuwa wamepoteza haki, na mwaka 1903 wakahamishwa.

Kuna mtu mmoja ambaye sijaweza kumsahau. Pío Pico, gavana wa mwisho wa California chini ya Mexico, alikuwa na damu ya Kiafrika. Bibi yake aliandikwa katika sensa ya Wahispania kuwa mulata. Alimiliki ardhi ambayo leo ni miji mizima. Kiingereza hakukijua. Mwaka 1883, akihitaji mkopo, alitia saini waraka ambao yeye aliuelewa kuwa ni rehani. Mahakama ikasema ni mauzo. Alifukuzwa nyumbani kwake akiwa na umri unaopita miaka 90, akafa fukara mwaka 1894. Leo Pico ni jina la mojawapo ya barabara ndefu za Los Angeles, na mji wa Pico Rivera unaitwa kwa jina lake. Malibu nayo ni jina la Kichumash, ila nyumba za ufukweni si za Wachumash.

Nilipokuwa nikiirudisha ramani ndipo nilipong'amua kuwa maktaba yenyewe imesimama juu ya shamba la namna hiyo: Rancho San Antonio, alilopewa askari Luis María Peralta mwaka 1820, likienea hadi Oakland na kupita. Wanawe wanne aliwagawia mwaka 1842. Nikamuuliza kijana wa mapokezi Peralta alikuwa nani. Alifikiri kidogo, kisha kwa upole kabisa akaninyoshea kidole upande iliko barabara.