Kitale hadi Bungoma kwa baiskeli: Kagua tairi kabla ya kutazama mlima

Ikiwa umechoshwa na makelele ya jiji na una baiskeli iliyolazwa nyuma ya nyumba ikikusanya vumbi, kuna barabara moja magharibi mwa Kenya inayokungojea. Ni ile inayotoka Kitale, ikapitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, kisha ikaelekea Bungoma. Safari yote ni yapata kilomita 80. Kijana mwenye afya akiondoka asubuhi huweza kufika alasiri, tena akiwa amesimama mara mbili tatu kunywa chai.

Uzuri wa safari hii ni kwamba ukianzia Kitale unakuwa upande wa juu. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi. Usidanganyike, hata hivyo, ukadhani ni mteremko mtupu. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina kilima chake cha kupanda. Lakini kwa jumla ardhi inakusaidia, na upande wako wa kulia Mlima Elgon unakusindikiza kwa saa nyingi.

Kwa nini basi tuzungumze juu ya tairi badala ya milima? Kwa sababu wengi wanaoshindwa na safari kama hii hawashindwi na miguu yao. Hushindwa na pancha. Mtu hupata ya kwanza Kiminini, ya pili Kamukuywa, na ya tatu mvua ikiwa inanyesha na jua linakaribia kutua. Hapo safari ya furaha hugeuka adhabu, na mtoto uliyefuatana naye huapa kutopanda baiskeli tena.

Adui watatu wa njiani

Adui wa kwanza ni ua wa kayaba. Mmea huu, ambao asili yake ni kusini mwa Afrika, umepandwa kwa wingi kuzunguka mashamba na shule za nyanda za juu. Miiba yake ni mirefu na migumu kama sindano ya kushonea magunia. Ua ukiwa mzima hauna neno. Shida huja siku unapokatwa. Matawi yakiburutwa kando ya barabara, miiba hubaki ikikauka, na mwiba mkavu ni mkali kuliko mbichi.

Adui wa pili utakutana naye ukifika Webuye. Hapo unaingia barabara kuu inayotoka Mombasa na Nairobi kwenda Malaba na Uganda. Malori hupita usiku na mchana. Tairi ya lori ikipasuka, mapande yake husambaa, na ndani ya mapande hayo mna nyaya za chuma nyembamba kama unywele. Nyaya hizo hulala kwenye ukingo wa barabara, mahali pale pale ambapo mwendesha baiskeli hupita kuyakwepa malori. Hutoboa tundu dogo sana. Upepo hutoka polepole, na wewe hufikiri umechoka kumbe gurudumu ndilo lililolegea.

Adui wa tatu ni mvua. Mpira ukiwa na maji hukatika kwa urahisi, na maji hubandika vipande vya chupa na changarawe kwenye tairi hadi vikapenya. Katika Trans Nzoia mvua hunyesha kwa miezi mingi kuanzia Machi au Aprili, na mara nyingi huja baada ya adhuhuri. Ndiyo maana wenyeji wenye uzoefu huondoka alfajiri.

Jifunze kwa wanaoitegemea

Kabla ya kwenda dukani, simama kidogo ukatazame baiskeli za wachuuzi wa maziwa. Utawaona asubuhi wakiingia mjini na mitungi imefungwa kwenye keria. Wengi hutumia ile baiskeli nyeusi nzito ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba. Kwa mtu huyo pancha si usumbufu tu. Maziwa hayangoji. Yakichelewa juani yakaganda, mapato ya siku yamekwisha, na huenda karo ikachelewa pia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa waendeshaji wa bodaboda, kazi iliyoanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, walipokuwa wakivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya biashara hiyo, lakini maarifa ya tairi yamebaki kwa mafundi walio chini ya miti na vibanda vya jua kali.

Utagundua jambo moja. Watu hawa hawatumii tairi nyembamba. Hutumia pana, yenye mpira mnene katikati. Wengine hukata ukanda wa tyubu kuukuu na kuutandika ndani ya tairi kama zulia, ili mwiba ukipenya ukutane na kizuizi cha pili. Ukifuata njia hiyo, mwambie fundi apunguze unene wa kingo za ukanda huo, la sivyo utaisugua tyubu mpya hadi itoboke.

Soma namba kabla ya kulipa

Makosa mengi hufanyika dukani. Tairi huandikwa namba ubavuni, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa isiyofaa. Usitegemee inchi peke yake. Black Mamba huvaa tairi ya 28 x 1½. Baiskeli nyingi za barabarani za kisasa huvaa 700C, ambayo nayo wengine huiita 28. Lakini hizi mbili haziingiliani hata kidogo.

Tafuta namba zilizotenganishwa kwa kistari, kama 40-635, 28-622 au 50-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokalia rimu. Black Mamba ni 635, baiskeli ya 700C ni 622, na ile ya mlimani ya inchi 26 ni 559. Namba ya pili lazima ilingane na ya tairi yako ya zamani. Hiyo ya kwanza ndiyo unayoweza kuibadilisha kidogo, mradi tairi isiguse fremu wala breki.

Je, uchague upana gani? Kwa barabara hii, ningekushauri milimita 32 hadi 38 ikiwa fremu inaruhusu, na isiwe chini ya 28. Zamani iliaminika kwamba tairi nyembamba ndiyo yenye kasi. Katika miaka ya 1990 washindani wa Tour de France walitumia milimita 20 hadi 23. Siku hizi hata wao wamehamia 28 na zaidi, kwa kuwa tairi pana yenye upepo wa kiasi hupita kwenye lami mbovu bila kurukaruka. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano hayo mara nne, alikuwa na gari la timu nyuma yake lenye magurudumu ya akiba. Wewe kati ya Misikhu na Webuye huna gari hilo.

Kinachozuia mwiba

Tairi ya baiskeli yenye upepo si kitu kigeni. John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, aliitengeneza mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Tangu hapo watu wamepigana na pancha kwa njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kuweka kitambaa kigumu chini ya mpira. Kitambaa kinachotajwa zaidi ni kevlar, uzi uliobuniwa mwaka 1965 na Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont, na unaotumiwa pia katika fulana za kuzuia risasi. Tairi kama Continental Gatorskin hutumia mkanda wa kitambaa kigumu chini ya mpira, ingawa si lazima uwe wa kevlar. Ni nyepesi kiasi na huzuia vipande vya chupa vizuri. Lakini tahadhari: tairi nyingine huandikwa kevlar kwa sababu tu kingo zake zimetengenezwa kwa uzi huo ili ziweze kukunjwa. Hiyo haizuii mwiba. Uliza kama mkanda umepita chini ya sehemu inayokanyaga barabara.

Njia ya pili ni unene. Schwalbe Marathon Plus, kwa mfano, ina tabaka la mpira laini la milimita 5 chini ya mpira wa nje. Mwiba mfupi au uzi wa chuma huingia, ukaishia humo. Gharama yake ni uzito, kwani tairi moja yaweza kukaribia kilo moja, na utausikia ukipanda kilima. Kwa mzigo, kwa mtoto au kwa safari ndefu, ningeuvumilia uzito huo.

Tairi hizi hupatikana zaidi Nairobi au kwa kuagiza, na bei yake huzidi ya tairi ya kawaida mara kadhaa. Ikiwa mfuko hauruhusu, nunua moja nzuri ya nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo na ndiko pancha nyingi hutokea. Au nunua tairi ya kawaida iliyo pana, yenye mpira mnene, na utandike ukanda ndani. Chochote unachonunua, ikunje kidogo ubavuni na utazame. Ukiona nyufa ndogo ndogo, imekaa juani dukani kwa muda mrefu. Irudishe.

Upepo na ukaguzi

Tairi ya bei kubwa isiyo na upepo wa kutosha ni hasara. Ukigonga shimo, rimu huibana tyubu na kuacha matundu mawili yaliyokaa kama meno ya nyoka. Kwa mtu wa kilo 65 hivi, tairi ya milimita 28 hutaka karibu psi 75 hadi 85, na ya 35 hutaka psi 55 hadi 65. Nyuma ongeza kidogo kuliko mbele. Usipite kamwe kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Kila unaposimama, kwa mfano Kamukuywa, zungusha magurudumu na utoe vipande vilivyojishikiza. Mwiba mwingi hautoboi mara moja, hupenya kidogo kidogo kwa kila mzunguko. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiziba pancha, usirudishe tyubu kabla ya kupitisha kitambaa ndani ya tairi kwa uangalifu. Ncha ya mwiba iliyobaki humo itaitoboa tena kabla hujafika kilomita moja.

Tairi ya nyuma ikiisha, hamishia ile ya mbele nyuma, na mpya uifunge mbele. Sababu yake ni uhai. Tairi ya nyuma ikipasuka utayumba, lakini mara nyingi utaweza kusimama. Ya mbele ikipasuka kwenye mteremko, huku lori liko nyuma yako, huenda usipate nafasi ya pili. Vaa kofia ngumu, na ukiwa na watoto ishieni Webuye, kisha mpakie baiskeli kwenye gari hadi Bungoma.

Beba tyubu mbili za akiba, viraka, gundi, vyuma vya kufungulia tairi na pampu. Hivyo vyote huingia kwenye mfuko mdogo chini ya kiti.

Ukishajiandaa hivyo, macho yako yatakuwa huru. Utaona mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, nchi ambayo kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956. Utapumzika Webuye, mji ulioitwa zamani Broderick Falls, wenye maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia na mlima wa Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Utapita miwa ya Nzoia, ufike Kanduyi, na hatimaye uingie Bungoma mjini ambako utasalimiwa "mulembe". Itikia, agiza chai, na kabla hujaketi, bonyeza tairi zako kwa kidole gumba. Zikiwa ngumu, kesho unaweza kwenda Chwele.