Rubani na Wingu

Masagati ni sehemu ya bonde la Kilombero, mbali na mji wa Ifakara. Wakati wa masika mito hufurika na njia hujaa matope. Ndege ndogo huweza kupita juu ya hayo yote kwa muda mfupi. Lakini huko juu nako yuko adui, naye ni wingu. Ifakara iko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na Luhombero, kilele kirefu cha milima ya Udzungwa, hupita mita 2,500. Wingu likiifunika milima hiyo, halimwonyi rubani kwamba ndani yake mna jiwe.

Asiyejua hudhani ya kuwa rubani hodari huhisi kwa mwili wake kama ndege imenyoka au imeinama. Sivyo. Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye maji, nayo humjulisha mtu anapogeuka. Chukua ndoo ya maji, uizungushe. Kwanza maji hubaki nyuma. Baadaye huzunguka pamoja na ndoo. Nawe ukiisimamisha ghafula, maji huendelea kuzunguka. Maji ya sikio hufanya vivyo hivyo. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, rubani asiyeona nje huhisi kuwa anakwenda moja kwa moja; naye akiinyosha, huhisi kuwa anageukia upande wa pili. Basi huigeuza tena, akidhani anatengeneza, kumbe anaharibu.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, huko Marekani, kiliwajaribu watu 20 waliojua kurusha ndege lakini hawakujifunza kuruka kwa vipimo. Walizuiwa wasione nje, mwalimu akiwa pamoja nao. Wote 20 walishindwa kuiongoza ndege, na kwa wastani ilikuwa baada ya sekunde 178; hata dakika tatu hazikutimia.

Dawa yake ni kuviamini vipimo vilivyo mbele ya rubani. Kimoja huonyesha mwendo, kimoja kimo, kimoja upande ndege inakoelekea. Kingine kina mstari mfano wa upeo wa macho, na katika ndege nyingi ndani yake mna gurudumu lizungukalo kwa kasi. Mtoto aliyecheza pia anaijua siri yake: pia izungukapo kwa nguvu husimama wima, haikubali kulala. Tarehe 24 Septemba 1929, karibu na New York, James Doolittle alifunikwa asione nje, akapaa, akazunguka, akatua kwa kutazama vipimo tu.

Mwanafunzi ajitayarishaye kwa mtihani wa kazi hiyo hufuata njia hiyo hiyo. Kanuni za mataifa humtaka aruke kwa vipimo muda usiopungua saa 40. Huvaa kofia yenye ukingo mrefu, asione ila vipimo. Mwalimu humwambia afumbe macho, kisha huiinamisha ndege au kuiinua pua, na kusema, “Shika!” Hapo mwanafunzi hana budi kusoma vipimo na kuinyosha, ingawa mwili wake wote unamwambia kwamba anakosea. Pengine mwalimu hufunika kipimo kimoja, kana kwamba kimeharibika, naye hutakiwa kuutafuta ukweli katika vilivyobaki. Jioni hukaa na ramani, akihesabu mafuta na kuandika kimo ambacho asishuke chini yake mpaka apite mlima.

Lakini jambo gumu kuliko yote ni kujua kurudi. Rubani ashukaye katika wingu ili atue amewekewa kimo cha mwisho. Akifika hapo asione kiwanja, sharti apae tena. Na viwanja vidogo vya vijijini havina mitambo ya kumshusha mtu asiyeona. Huenda mgonjwa anangoja, na jamaa zake wanausikia mvumo wa ndege juu ya wingu. Ni uchungu kuwaacha. Hata hivyo ndege ikigonga mlima haimponyi mgonjwa, bali huongeza misiba. Anayerudi leo aweza kuja kesho, wingu likiisha kuondoka.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndani ya wingu mkuu ni kipimo kidogo cha kioo, kisicho na sauti wala fimbo. Mtu huwa rubani siku ile awezapo kukitii, na huku moyo wake unasema vingine.