Mjue nondo kabla ya kununua dawa ya viwavijeshi

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka la pembejeo,

Mvua za Novemba zikikaribia hapa Mbinga, swali ninaloulizwa zaidi ni moja: "Bwana shamba, dawa gani ni kali kwa viwavijeshi?" Nami huuliza: unamfahamu mama yao?

Mama wa kiwavijeshi vamizi ni nondo, kipepeo wa usiku mwenye rangi ya kijivu na kahawia. Nondo wa jamii hii wana masikio kifuani. Miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Kenneth Roeder, alionyesha kuwa kila sikio lina seli mbili tu za kusikia, lakini zinatosha kunasa mlio wa popo ambao sisi hatuusikii. Popo akiwa mbali, nondo hugeuka akakimbia. Akiwa karibu, nondo hujipindapinda au hujiangusha chini. Wewe mwenye duka kule Mbamba Bay, tikisa funguo usiku karibu na taa ya nje. Nimefanya hivyo mara nyingi: baadhi ya nondo huanguka, kwa sababu ndani ya mlio wa funguo mna sauti za juu kama za popo.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa vizazi vingi mno, nondo waliosikia vizuri walipona wakazaa, wasiosikia waliliwa. Dawa nayo huchuja vivyo hivyo. Ukipiga dawa ileile kila msimu, wanaobaki ni wale iliyoshindwa kuwaua, na watoto wao hurithi ugumu huo. Viwavi hawa walithibitishwa nchini mwaka 2017, na duniani tayari wamezoea dawa nyingi.

Hata hivyo, wana wakati wao wa udhaifu. Nondo hutaga mafungu ya mayai 100 hadi 200 kwenye jani na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Kiwavi mchanga hukwangua jani na kuacha madoa meupe. Akikua, hujificha ndani ya moyo wa mhindi na kuuziba kwa kinyesi chake. Hapo dawa haimfikii, na fedha yako imepotea.

Kwa hiyo:

- Mahindi yakiota, pita shambani mara mbili kwa wiki, kwa zigizaga, ukigeuza majani.
- Ponda mayai na viwavi wachanga kwa vidole.
- Dawa ikibidi, piga viwavi wakiwa wadogo, asubuhi na mapema au jioni, ukilenga moyo wa mmea. Badilisha aina ya kiambato, si jina la chupa tu.
- Popo wadogo wala wadudu waache wawinde. Usiwashike kwa mkono.
- Mwenye duka, mteja akiomba dawa, muulize kwanza viwavi wake wana ukubwa gani.

Nondo anamsikia popo. Wewe unayegeuza jani mchana, hana masikio ya kukusikia.