Kaya za Mijikenda: Ibada Ndani ya Msitu

Neno hekalu likitajwa, fikira za wengi wetu hukimbilia mawe: nguzo, kuba, ngazi, na mlango mkubwa wa kuingilia. Tumezoeshwa hivyo na vitabu vya shule na picha za nchi za mbali, hata tukiulizwa mahekalu ya kwetu yako wapi, aghalabu hujibu kwamba hatuna. Kwamba wazee wetu waliabudu chini ya miti tu. Hilo neno "tu" ndilo lililotufungisha safari ya siku mbili katika pwani ya Kenya, kusini na kaskazini ya Mombasa. Tulikuwa watu sita wenye hamu moja: kuona jinsi msitu unavyoweza kuwa nyumba ya ibada, na kujua ni kitu gani kinachoizuia nyumba hiyo isianguke.

Tulivuka Likoni mapema asubuhi. Kabla ya kuingia kaya yoyote tulipita kwanza Msikiti wa Kongo, ulioko Diani penye mlango wa Mto Mwachema. Ni msikiti mdogo wa mawe ya matumbawe, wenye umri wa karne nyingi, nao umezungukwa na mibuyu minene ambayo kwa mbali huonekana kama ndiyo nguzo zenyewe. Hapo bado watu huswali. Mto huingia baharini hatua chache tu kutoka ukutani, na maji yakipwa huacha mchanga mweupe ambao watoto huvukia ng'ambo. Hatukukaa sana, lakini tulipata jambo la kubeba: mibuyu ile haikuachwa kwa bahati. Aliyejenga ukuta na aliyeuacha mti usimame walikuwa na heshima moja kwa mahali hapo, na kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, heshima hiyo haikukatika kwa kuja kwa dini. Mtu aweza kuswali alasiri Kongo na kesho yake akaitwa Kinondo kwa shauri la wazee, wala asione kwamba amekuwa watu wawili.

Kaya Kinondo iko kusini zaidi, baada ya safu ya mahoteli ya Diani. Yafaa hapa tueleze maana ya neno lenyewe. Kaya, kwa Wamijikenda, ni makao. Katika masimulizi yao, makabila haya tisa, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma, Wachonyi na Wajibana, yalitoka kaskazini, katika nchi ya Singwaya, yakikimbia vita. Tangu karne ya 16 yalijenga vijiji vyenye ngome ndani ya misitu, kila kijiji na milango yake, na njia nyembamba ambayo adui asingeweza kuipita ila mmoja mmoja. Katikati kulikuwa na uwanja, na uwanjani moro, mahali pa baraza la wazee. Chini ya ardhi kulizikwa fingo, kinga ya kijiji, ambalo yasemekana lilibebwa kutoka Singwaya. Vita vilipopungua watu walitoka mmoja mmoja kwenda kulima na kufuga, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Nyumba zikaoza. Msitu ukafunga. Lakini makaburi yalibaki, na fingo likabaki, na kwa hiyo mahali palipokuwa mji wa walio hai pakawa mji wa waliotangulia.

Kijana aliyetuongoza alitupokea penye banda la makuti. Kabla ya neno lolote kuhusu miti alitupa kila mmoja kipande cha kaniki tujifunge kiunoni, wanaume kwa wanawake. Kofia zikavuliwa. Kisha akatutajia miiko: hakuna kuchuma jani, hakuna kuokota hata ukuni mkavu, hakuna kubusiana, hakuna kupiga picha pale atakapokataza. Mmoja wetu, ambaye ni mwalimu, aliuliza kama mwiko wa ukuni mkavu haukuzidi kiasi, maana ukuni umekwisha kufa na jikoni kuna haja. Kijana akajibu kwa adabu, "Mwalimu, ukuni mkavu ndio wa kwanza kuombwa. Ukitoa huo, kesho utaombwa mti."

Ndani, jua lilizimika ghafula. Kinondo ni msitu wa kiasi cha hekta 30 tu, nao umeota juu ya mwamba wa matumbawe, jabali kali lenye mashimo, ambalo mtu hawezi kuamini kwamba lingelisha hata mchicha. Mizizi imeshuka katika nyufa ikitafuta udongo kidogo uliokusanywa na majani yenyewe yakioza mwaka hadi mwaka. Hapa ndipo tulipouelewa mwiko wa ukuni. Juu ya mwamba huu hakuna udongo mwingine ila ule ambao msitu umejitengenezea. Ukiondoa kinachoanguka, umeondoa chakula cha kinachosimama. Wazee hawakuliandika jambo hilo kama somo la kilimo. Walisema ukuni ni wa wenyewe, na wenyewe wako ardhini. Leo wataalamu wa mimea wamezipekua kaya na kukuta humo mimea ambayo ni adimu kwingineko, katika vipande vya msitu ambavyo vyazungukwa na mashamba ya mihindi, mikorosho na minazi. Mtu akipanda kilima chochote katika nchi hiyo na kuona kichaka cheusi kimesimama peke yake, hana haja ya kuuliza: ni kaya.

Tulisimama chini ya mti uliokumbatiwa na mtini hadi haukujulikana yupi mgeni, yupi mwenyeji. Mbega walikuwa juu, weusi wenye mabega meupe, wakitutazama kama maaskari waliochoka. Kijana alitaja miti kwa Kidigo, na kila jina alilifuatiza na kazi: huu wa tumbo, huu wa homa ya mtoto, huu magome yake huchukuliwa na mganga peke yake, tena kwa idhini. Kisha akatuleta kwenye mti mkubwa na kutuambia tuukumbatie na kuutua mizigo ya mioyo yetu. Tuliukumbatia. Kwa maoni yetu desturi hiyo ina harufu ya utalii, na tuliwaona wageni wa Kizungu waliotutangulia wakiifurahia mno. Lakini gome lilikuwa baridi, na mwalimu wetu alikaa nalo kuliko wote.

Hatuna budi kuusema ukweli wa mambo haya ya utalii, kwani kaya hii imekuwa ikiwapokea wageni tangu mwaka 2001, na ada yao husaidia jamii ya hapo. Wapo wasemao kwamba kitu kitakatifu kikishatiwa bei kimekwisha. Kauli hiyo ni nyepesi kwa asiyeishi karibu na ufuo huo, ambako kila kipande cha ardhi kina mnunuzi anayengoja, na ambako kijana aliyemaliza shule huona mbao, mkaa na viwanja vikileta fedha ilhali miiko hailipi karo. Sheria imesaidia: tangu mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa makumbusho ya taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika baadhi yake, Kinondo ikiwa mojawapo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata mila za kaya nazo ziliandikwa, lakini katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tofauti ya orodha hizo mbili yatosha kumfikirisha mtu. Miti ina ua wa sheria. Wazee waijuao maana yake wanakwisha.

Tena hawakwishi kwa umri peke yake. Katika sehemu za Kilifi wako wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uvumi huo kumekuwa na mzozo wa shamba. Mvi, ambazo zamani zilikuwa tiketi ya kuingia morono, zimegeuka kuwa hatari kwa mwenye nazo. Tunapojadili utamaduni wa taifa katika kumbi zenye viti vya starehe, haifai tulisahau hilo.

Lakini turudi msituni. Baada ya mwendo wa kama saa moja njia iligawanyika. Upande mmoja ulifagiliwa na miguu ya wageni. Upande wa pili ulikuwa na majani machache yaliyoinama, ishara kwamba hupitwa, ila si na wengi. Kijana alisimama. "Huku ni makaburini na mahali pa maombi," alisema. "Mimi mwenyewe siingii bila wazee." Hakueleza zaidi, nasi tulikaa kimya tukisikiliza bahari ambayo haikuonekana. Kwa maoni yetu hicho ndicho kilikuwa kilele cha ziara nzima. Tulikuwa tumetembezwa na mtu ambaye ada yetu ingemvuta kutuonyesha kila kitu, naye akatuonyesha mpaka. Katika jumba la mawe mlango hufungwa kwa kufuli. Hapa mlango ulifungwa na kijana aliyesimama mikono mitupu.

Siku ya pili tulikwenda kaskazini, kwa Wagiriama, kupitia Mazeras na Kaloleni. Nchi yenyewe ni vilima na mabonde yenye minazi, na joto lake si la pwani. Ni kavu zaidi, lenye vumbi jekundu. Huku ndiko tulikoona, nyumbani kwa wenyeji wetu, vigango vilivyosimamishwa. Kigango ni gogo la mti mgumu lililochongwa kwa umbo la mtu, lenye kichwa, kiwiliwili kirefu na nakshi za pembetatu, nalo husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Si sanamu ya kupamba. Ni makao ya roho yake kati ya watu wake, na desturi ni kwamba kikisha kusimamishwa hakihamishwi. Ukoo ukihama, chenyewe hubaki kikaliwa na mchwa polepole, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kiishe.

Sasa tazama yaliyotokea kwa vitu ambavyo havikuwa na mtu wa kusimama mlangoni. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango viliibwa. Miaka mingi ikapita. Mtafiti huyo akakiona kimoja katika mkusanyiko wa jumba la makumbusho nchini mwake, na baadaye cha pili katika jumba jingine. Ile picha ndiyo iliyokuwa shahidi, na mwaka 2007 vyote viwili vilirejeshwa Kenya. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Wengine mamia hawakuwa na picha, na vigango vyao vimesimama sebuleni mwa watu wasiojua vilikuwa vya nani, vikisifiwa kwa nakshi. Twastaajabu kwamba mtu aweza kukipenda kitu hata akakiweka chini ya taa, na papo hapo akawa ndiye aliyekikatiza kazi yake.

Kutoka hapo tulielekezwa Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Kila mtoto wa shule nchini Kenya amelisikia jina la Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu katika kaya hii, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatatoa vijana wao kufanya kazi za Waingereza wala hawatawatii. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi ya nchi, nao wakatoroka. Mwezi Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya kwa baruti. Jambo hilo lina maana kwa hoja yetu. Dola iliyokuwa na bunduki na meli za vita haikuidharau miti hiyo kama tunavyoidharau sisi kwa neno "tu". Iliipima nguvu yake, ikaipelekea baruti.

Mzee aliyetupokea alikuwa amevaa shuka nyeupe na kushika mkongojo. Tulimwamkia, naye akatuuliza tulikotoka, habari za mvua za huko, na kama tulikuwa tumekula. Aliongea polepole juu ya milango ya kaya na namna mtu anavyotakiwa kuingia na kutoka kwa njia ile ile. Alipotaja baruti hakuinua sauti. Alionyesha kwa mkongojo upande ulioharibiwa, ambako miti ni mipya kuliko mingine, mipya kwa hesabu ya msitu, maana nayo imekwisha kupita vimo vya nyumba. Mwalimu wetu hakuweza kujizuia. Akamwuliza kama fingo la Wagiriama liliharibiwa siku ile, au kama bado lipo, na kama lipo, ni upande gani.

Mzee alitazama msituni kwa kitambo. "Lipo," alisema. Kisha akatuuliza tena kama kweli tulikuwa tumekula, akamwita mjukuu wake alete maji ya kunawa.